Raleigh ya mtumba na spea zake: pima kwanza, ulipe baadaye

SWALI: "Ninaishi Morogoro na kwa muda mrefu nimetamani baiskeli ya Kiingereza ya zamani, ile nyeusi yenye breki za vyuma. Nimeipata moja kwa fundi. Ni Raleigh ya magurudumu ya inchi 28, ina gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na habu hiyo imepigwa chapa AW 58, ingawa muuzaji anasisitiza kuwa ni ya mwaka 1952 na kwamba kwa umri huo shilingi 250,000 ni bei ya kutupa. Kiti chake hakipo, pedali zinagonga kila zinapozunguka, na gia wakati mwingine huachia kabisa, miguu ikazunguka bure. Nilipeleka tairi ya mtumba kutoka Uholanzi iliyoandikwa 28 tuijaribu, ikakataa kuingia, na fundi akasema rimu imetanuka. Rafiki mmoja ananiambia spea za baiskeli hizi hazipo tena. Mwingine anasema kila kitu cha Phoenix, ile baiskeli ya Kichina, kinaingia. Ninunue au niache? Na spea nizitafute wapi kwa bei nafuu?"

JIBU:

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako na ninaona kwamba kinachokusumbua hasa si zile shilingi 250,000, bali hofu ya kuzilipa leo halafu ukaendelea kulipa kila mwezi kwa baiskeli isiyotembea. Hofu hiyo ni ya haki. Bei ya baiskeli ya zamani haiishii kwa muuzaji. Inakamilika siku utakayoipanda kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi bila kusimama njiani. Kwa maelezo uliyonipa, ninaona baiskeli hii inafaa kufuatiliwa, lakini si kwa bei hiyo ikiwa haina kiti, na si kabla ya kuikagua mahali ambapo hukupataja kabisa, yaani fremu. Kugonga kwa pedali, kuachia kwa gia na tairi kukataa kuingia ni mambo yanayotisha kwa sura, ilhali mara nyingi dawa yake ni ya gharama ndogo.

Nianze na umri, kwa kuwa ndio uliotumiwa kupandisha bei. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, iliyotengeneza habu hiyo, ilikuwa na desturi ya kupiga chapa herufi za aina ya habu pamoja na tarakimu za mwaka. Kwa hiyo AW 58 maana yake ni kwamba habu ilitoka kiwandani mwaka 1958. Ama baiskeli yote ni ya mwaka huo au wa karibu na huo, ama gurudumu la nyuma lilibadilishwa baadaye, jambo la kawaida kwa chombo kilichofanya kazi miaka mingi. Chapa ya habu haithibitishi mwaka wa fremu, lakini kauli ya muuzaji isiyo na ushahidi wowote haithibitishi zaidi. Na hata kama ingekuwa ya 1952 kweli, tofauti ya miaka sita haina thamani kwa mtu anayetaka kuipanda. Jambo la kufurahia ni zile herufi AW, kwa sababu katikati ya miaka ya 1950 kampuni hiyo ilitoa pia habu ya aina ya SW, ambayo ilijulikana kwa kuteleza na ambayo spea zake ni adimu sana. Ukikutana na SW mahali popote, ihesabu kama baiskeli isiyo na gia.

Ikiwa una shaka kama ni Raleigh kweli au ni fremu nyingine iliyobandikwa nembo, tazama sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Raleigh nyingi za enzi hizo zina vichwa vitatu vya ndege korongo vilivyokatwa ndani ya chuma cha sproketi. Baiskeli za Humber zina watu wanaokimbia. Za BSA zina herufi zake tatu. Rangi na nembo hubadilishwa kwa saa moja, lakini sproketi huwa inabaki, na hata ikiwa imehamishwa kutoka baiskeli nyingine, utakuwa umepata sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Sasa fremu. Fremu hizi ziliunganishwa kwa kuingiza mabomba ya chuma ndani ya viungio na kuyeyushia shaba katikati kwa moto wa kiasi. Ndiyo maana zimedumu, na ndiyo maana pia huharibika zinapochomelewa kwa umeme kwa pupa: joto kali huudhoofisha ukuta mwembamba wa bomba pembeni mwa kiungio, na ufa unaofuata hutokea hapo pembeni, si pale palipochomelewa. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya lile la mshazari, nyuma tu ya shingo, pale foku na usukani vinapoingilia. Ukihisi uvimbe au mkunjo, ujue baiskeli iliwahi kugonga kitu uso kwa uso. Kisha chukua uzi, uufunge pale ekseli ya nyuma inaposhikwa upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo na uurudishe hadi upande wa pili. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imepinda. Itazame foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, kwa ubavu pia, kwa kuwa foku iliyosukumwa nyuma huonekana wazi ukiilinganisha na mstari wa shingo.

Katika ukaguzi huu, rangi mpya inayong'aa inanitia wasiwasi kuliko kutu. Kutu ya juu juu kwenye vyuma vilivyong'arishwa kwa kromu hutoka kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji, ukisugua taratibu. Rangi mpya, kinyume chake, inaweza kuwa imefunika ufa, na hakuna namna ya kuujua mpaka siku utakapofunguka. Baiskeli yenye rangi yake ya asili iliyochakaa inakuonyesha kila kilichoipata.

Nikija kwenye pedali zinazogonga, karibu kila mara mkosaji ni kota pini, ile kabari ndogo ya chuma inayokaza mkono wa krenki, ule unaobeba pedali, kwenye ekseli yake. Kabari ikiwa imelika, mkono wa krenki hupata nafasi ya kucheza, nao hugonga mara moja katika kila mzunguko. Pini ni kitu cha bei ndogo sana, lakini zina unene tofauti. Raleigh hutumia ya milimita 9.5, na madukani zipo pia za milimita 9. Iliyo nyembamba huzama kupita kiasi, hukaa siku chache, kisha kugonga hurudi na mwenye baiskeli akadhani ekseli imekufa. Nenda na kipimo, nunua mbili za aina moja, na umwombe fundi auegemeze mkono wa krenki juu ya chuma kizito anapozigonga kutoka, ili nguvu ya nyundo isiishie kwenye gololi. Baada ya kupanda kwa siku chache, nati zikazwe tena, kwa sababu kabari mpya huendelea kujikaza mahali pake.

Kuhusu gia, usiruhusu mtu aifungue habu kabla ya jaribio ninalokueleza, kwa kuwa habu nyingi nzima huharibiwa na mikono isiyozijua. Ndani ya AW mna gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, na mnyororo mwembamba unaotokea kwenye ncha ya ekseli ndio unaoamua ipi ifanye kazi. Mnyororo ukilegea kabisa, habu hukaa kwenye gia ya tatu, ambayo huzungusha gurudumu kwa theluthi moja zaidi ya sproketi. Ukivutwa mpaka mwisho, hukaa kwenye ya kwanza, ambayo hupunguza mwendo kwa robo ili kupanda mlima kuwe rahisi. Katikati ndipo ilipo gia ya pili, ya moja kwa moja. Na kati ya ya pili na ya tatu mna nafasi tupu ambamo hakuna kinachoshika kitu. Hapo ndipo miguu yako inapozungukia bure, na sababu ya kawaida ni waya uliolegea au uliokazwa vibaya, si habu mbovu.

Jaribu hivi. Ufungue waya wa gia kutoka kwenye mnyororo ule mwembamba, inua gurudumu la nyuma na uzungushe pedali: gurudumu linapaswa kushika na kwenda kwa kasi. Kisha uvute mnyororo kwa vidole mpaka mwisho na uzungushe tena: linapaswa kushika na kwenda polepole. Likishika mara zote mbili, habu ni nzima kwa kiasi cha kukufaa, na kilichobaki ni kuurudisha waya na kuurekebisha. Kipimo chake ni kuiweka swichi kwenye gia ya pili na kuchungulia kwenye tundu la nati ndefu ya upande wa kulia, ambapo ncha ya kijiti kinachoshika mnyororo inapaswa kuwa sawasawa na ncha ya ekseli. Lisiposhika, huenda mafuta ya zamani yameganda na kuvishikilia vikwamizo vya ndani, vile vyuma vidogo vinavyoshika meno ya habu. Weka mafuta mepesi ya mashine kupitia kitundu cha habu, zungusha, uache usiku kucha, ujaribu tena. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwa sababu yanakauka na kuwa gundi. Ninakusihi pia usiipande baiskeli hiyo ukiwa umesimama juu ya pedali kabla gia hazijarekebishwa. Ikiachia ukiwa umeweka uzito wote mguuni, utaangukia usukani, na watu wameumia vibaya kwa namna hiyo.

Tairi ndiyo inayonipa nafasi ya kuitetea rimu yako, ambayo haikutanuka. Kuna tairi za aina tofauti zinazoitwa inchi 28. Baiskeli za breki za vyuma hutumia ile inayoandikwa 28 x 1½, ambayo kwa kipimo cha kimataifa ni 635, yaani kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa kwenye rimu. Baiskeli nyingi za Ulaya za miaka ya karibuni hutumia iliyoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜, ambayo ni 622. Tofauti ya milimita 13 kwenye kipenyo ni takriban sentimita nne kwenye mzingo, na hakuna nguvu ya mikono itakayoilazimisha tairi ndogo ipite. Hali kadhalika, inchi 26 x 1⅜ ya Raleigh ndogo ni 590, ilhali inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559. Kabla ya kutoa pesa, soma ubavuni mwa tairi uone namba kama 40-635, kwa kuwa inchi zinadanganya.

Na hapa ndipo unapoweza kufarijika kuhusu rafiki yako wa kwanza. Ni kweli kwamba Raleigh iliacha kuunganisha baiskeli Nottingham mwaka 2002, na Sturmey-Archer ilinunuliwa na kampuni ya SunRace mwaka 2000 na kuhamishiwa Taiwan. Lakini umbo la baiskeli hiyo halikufa. India na China ziliendelea kulitengeneza kwa mamilioni, na kwetu Afrika Mashariki bado linabeba maji, mkaa, maziwa na watoto wa shule. Kitu ambacho mpenzi wa baiskeli za kale huko Ulaya hukiagiza kwa shida, wewe unakikuta kwenye duka la spea la mji wowote wa wilaya: tairi na tyubu za 28 x 1½, vyuma vya breki na raba zake, kengele, keria, stendi, madigadi, cheni, gololi na kota pini.

Rafiki wa pili naye amekwenda mbali mno. Spea za Phoenix na za baiskeli za Kihindi huingia mahali pengi, ila si pale penye nyuzi za skrubu za Raleigh yenyewe. Raleigh ya Nottingham ilikata nyuzi 26 kwa kila inchi kwenye vikombe vya krenki (vinavyobeba gololi za ekseli ya pedali) na kwenye shingo ya foku, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni nyuzi 24. Kikombe kisicho chake huanza kuingia vizuri, kikazunguka mara moja au mbili, kisha kikakaza. Fundi mwenye haraka huongeza nguvu, na kwa dakika moja fremu iliyodumu zaidi ya miaka 60 inaharibiwa nyuzi zake. Kwa hiyo, vikombe vya asili vikiwa bado vina uso laini, visiondolewe. Safisha, weka grisi mpya, badilisha gololi zote kwa pamoja, na uviache mahali pake. Kwenye rimu pia hesabu matundu kwanza, kwani magurudumu ya Kiingereza yana spoku 32 mbele na 40 nyuma, na rimu nyingi za kisasa zina matundu 36 kote. Rimu hiyo iwe ya umbo linaloziruhusu raba za breki za vyuma kubana kutoka upande unaotazama habu, kwa maana rimu iliyotengenezwa kwa breki za waya haina mahali pa kuzipokea.

Kiti ndicho kitakachokugharimu ukitaka cha asili. Viti vya ngozi vya Brooks vya Birmingham vinapendwa duniani kote, na bei yake hufuata mapenzi hayo. Ushauri wangu ni kuanza na kiti cha kawaida cha springi kutoka dukani, huku ukitafuta fremu ya chuma ya Brooks iliyochanika ngozi, ambayo wengi huitupa kama chuma chakavu. Fundi viatu hodari anaweza kuivalisha ngozi nene ya ng'ombe na kuipigilia ribiti, nayo itakubeba vizuri.

Mahali pa kutafuta panategemea unachotafuta. Kwa spea za kawaida, maduka ya Kariakoo na ya miji ya kanda ya ziwa yana akiba kubwa, kwa kuwa mikoa kama Shinyanga na Mwanza bado inaishi juu ya baiskeli. Kwa spea za asili, usianzie dukani. Anzia kwa mafundi wazee wanaokaa chini ya mti na boksi la vyuma vilivyochakaa, kwa sababu ndani ya boksi hilo ndimo zilimo swichi za gia, nati ndefu za ekseli na sproketi za korongo ambazo hakuna aliyeziulizia. Uliza kwenye stoo za misheni na shule kongwe, na kwa walimu, manesi na watumishi wa posta waliostaafu. Baiskeli ya mtu aliyekwenda nayo kazini na kurudi huwa imechoka kidogo kuliko iliyobeba magunia. Watu wengi huuza mwezi Januari ada za shule zinapobana, na hapo bei hushuka, lakini ninakuomba usiitumie shida ya mtu kumkandamiza, maana mzee uliyemlipa kwa haki ndiye atakayekuita atakapokumbuka kwamba ana habu nyingine darini.

Baiskeli za mtumba kutoka Japani ni hazina ambayo wengi hawaioni. Nyingi zina magurudumu ya 26 x 1⅜, ile ile 590, kwa hiyo tairi zake humfaa mwenye Raleigh ndogo, ingawa hazitakufaa wewe mwenye 28. Spea ndogo za Sturmey-Archer, kama ule mnyororo wa gia, ni nyepesi kiasi cha kubebwa mfukoni na ndugu anayerudi kutoka Uingereza au Uholanzi. Kuagiza gurudumu zima kwa posta sikushauri, kwa kuwa usafirishaji na ushuru huweza kuizidi bei ya kitu chenyewe.

Una njia tatu, basi. Ya kwanza ni kuinunua hii, ikipita jaribio la uzi na la gia, kwa bei iliyopunguzwa thamani ya kiti, tairi, kota pini na kazi ya fundi. Nenda dukani kwanza uulize bei hizo, uziandike, kisha umwonyeshe muuzaji karatasi, maana hesabu iliyoandikwa humaliza ubishi kuliko maneno mengi. Ya pili, ikiwa habu imekufa lakini fremu ni nzima, ni kufunga gurudumu la nyuma la baiskeli ya Kihindi lisilo na gia na kuihifadhi AW mpaka spea zipatikane. Kwa ardhi tambarare hutapoteza kitu, ingawa kwa vilima vya kuelekea Uluguru utazikumbuka gia kila siku. Ya tatu ni kuiacha na kununua Phoenix iliyotunzwa, ambayo haina jina kubwa lakini inafanya kazi ile ile na spea zake zote zipo mtaani. Mtu anayehitaji usafiri wa kesho asubuhi ningemwelekeza kwenye hiyo ya tatu bila kusita. Wewe umesema umeitamani kwa muda mrefu, na tamaa ya namna hiyo huvumilia matengenezo ya polepole. Kwa hiyo kwako ninapendelea ya kwanza, fremu ikiwa imenyooka.

Usilipe bila maandishi. Andikeni hati ya mauziano yenye namba ya fremu, ambayo mara nyingi hupigwa karibu na kiti au karibu na ekseli ya nyuma, na muisaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji anayekataa hatua hiyo, au namba iliyosuguliwa kwa tupa, vinatosha kukurudisha nyumbani na pesa zako, hata bei iwe ndogo kiasi gani.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyaamua, nayo yanahitaji macho na mikono ya fundi mzoefu: mstari wowote unaofanana na ufa kwenye shingo au foku, kota pini iliyokwama isiyotoka kwa nyundo ya kawaida, vikombe vya krenki vinavyocheza ndani ya nyuzi zake, na habu inayosaga hata baada ya kuwekwa mafuta. Mtafute fundi asiye na maslahi katika mauzo, si yule yule anayekuuzia, umlipe muda wake na uende naye ukiwa na uzi, rula na karatasi ya bei. Foku ikiwa na ufa, usiipande hata hatua chache za kujaribu. Na kabla ya kuitoa barabara kuu, hakikisha raba za breki ni mpya na rimu inazunguka bila kuyumba, kwa sababu breki za vyuma kwenye rimu ya kromu hushika kidogo sana mvua inaponyesha, na katika msimu wa masika utahitaji kuanza kubana mapema zaidi kuliko ulivyozoea.